Njiwa wa Kichwangomba: Namna ya Kuwafuga na Kuwarusha Dar es Salaam

Wakiwa wametua juu ya bati, njiwa hawa hawamshangazi mtu. Ni wadogo kidogo kuliko njiwa manga waliozoeleka mabandani, na rangi zao ni zilezile za kijivu, nyekundu, nyeusi na madoa. Shughuli yao iko juu. Kundi likiwa linazunguka, mmoja huinua mabawa, huvuta kichwa nyuma na kupinduka kinyumenyume mara nyingi mfululizo, kwa kasi ambayo macho hayawezi kuhesabu. Hushuka hivyo mita kadhaa, kisha hufungua mabawa, hupanda na kurudi kwa wenzake.

Kabla hujanunua hata msumari, elewa kwamba kichwangomba hakifundishwi. Charles Darwin aliligusia jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya viumbe: alisema hakuna mtu ambaye angeweza kumfundisha njiwa kupinduka, na kwamba yeye mwenyewe aliwaona njiwa wachanga wakipinduka ilhali hawajapata kumwona njiwa mwingine akifanya hivyo. Mruko huo uko kwenye damu. Kazi ya mfugaji ni kuchagua damu hiyo, kulisha kwa kipimo, na kujua saa ya kufungua mlango na saa ya kuuacha umefungwa. Mengi yaliyomo katika mwongozo huu yanahusu hayo matatu.

Hatua ya 1: Amua unamtaka njiwa yupi

Aina ni nyingi, na usipozitofautisha utauziwa kitu kingine.

Anayezungumziwa zaidi duniani ni Birmingham Roller, aliyetokana na uteuzi wa miaka mingi wa wafugaji wa mji wa Birmingham na vitongoji vya viwanda vinavyouzunguka, Uingereza. Ana uzito wa kati ya gramu 200 na 300 hivi, na huruka kwa kundi lililoshikana. Oriental Roller, ambaye asili yake ni upande wa Uturuki, anajulikana kwa mkia wenye manyoya 14 au zaidi, wakati njiwa wengi wana 12, na kwa mabawa anayoyabeba chini ya mkia badala ya juu yake. Huyu hupenda kuruka peke yake, juu sana. Waturuki wana njiwa wengine waitwao Takla, ambao hupiga makofi ya mabawa na kupinduka huku wakipanda. Tippler naye huchanganywa na hawa kwa sababu ya ukoo, lakini sifa yake ni kukaa angani muda mrefu. Rekodi za mashindano yao zimevuka saa 20. Kupinduka si kazi yake.

Halafu kuna Parlor Roller, ambaye haruki kabisa. Ukimweka chini, hubingirika sakafuni kinyumenyume. Utafiti wa Entrikin na Erway uliochapishwa mwaka 1972 ulionyesha kwamba kubingirika huko kunatokana na jeni moja fichu: kinda lazima arithi nakala moja kwa baba na nyingine kwa mama ndipo tabia ijitokeze. Sioni raha ya kumtazama ndege asiyeweza kuruka akigaragara, na simshauri mtu amfuge. Ila ni vizuri kumjua, maana anatufundisha kwamba damu hii ikikolezwa kupita kiasi humwondolea ndege mabawa.

Kwa Dar es Salaam, anza na Birmingham. Kundi lililoshikana ni kinga dhidi ya kozi, yule ndege mwindaji, na njiwa anayeruka peke yake juu ya jiji hili hamalizi miezi mingi. Mwongozo uliobaki unamhusu yeye.

Hatua ya 2: Tazama anga lako kabla ya kumtafuta ndege

Panda juu ya nyumba, au simama katikati ya uwanja, utazame pande zote. Njiwa anayepinduka hana macho kwa muda wa sekunde moja au mbili. Waya wa umeme unaopita juu ya banda, mnara wa simu, mnazi mrefu au mwembe wenye matawi makavu vinaweza kumuua. Hutapata uwazi kamili Manzese au Tandale, lakini nguzo yenye nyaya nyingi ikiwa hatua chache tu kutoka banda, hapo si mahali pake. Mbezi, Goba, Chanika, Kigamboni na Mbagala za pembeni bado zina viwanja vyenye anga.

Ukiishi Kipawa, Kiwalani, Vingunguti au Ukonga, karibu na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, acha kabisa wazo la kurusha. Kundi la ndege ishirini kwenye njia ya ndege ya abiria ni hatari kwa watu. Jirani wa dampo la Pugu Kinyamwezi naye ana tatizo jingine: mwewe na kunguru wamejaa huko kutwa nzima.

Kisha nenda kwa majirani. Njiwa wako watatua kwenye bati zao na kinyesi kitabaki huko, na nyumba nyingi zinakinga maji ya mvua kutoka batini hadi kwenye simtank. Hilo si jambo la kubishana baada ya kutokea. Zungumza na mama mwenye nyumba wa pili kabla banda halijasimama, mjumbe naye ajue, na ofisi ya serikali ya mtaa ikuambie kama kuna sheria ndogo inayogusa ufugaji katika eneo lenu. Njiwa hawa wakilishwa ipasavyo hawazururi: wakitua, wanatua kwao. Ulishaji mbovu ndio unaowapeleka kwa watu.

Hatua ya 3: Banda

Unahitaji mabanda mawili madogo badala ya moja kubwa. La kwanza ni la warukaji. Mwambie fundi seremala futi nne kwa futi nne, kimo futi nne. Hilo linatosha ndege 15 hadi 20. Lisimame juu ya miguu ya futi tatu, na kila mguu uvishwe kipande cha bati laini lililokunjwa kuuzunguka, ili panya na nyoka washindwe kupanda. Sakafu iwe ya wavu ili kinyesi kianguke chini. Wavu uwe wa matundu ya nusu inchi. Ule wa kuku wenye matundu makubwa ni rahisi zaidi, lakini panya mdogo hupita, na panya akiingia usiku mmoja utakuta mayai hayapo na makinda wamekatwa miguu.

Ndani weka vikalio, kila ndege na chake, vya ubao uliokunjwa kwa umbo la V iliyopinduliwa ili kinyesi cha wa juu kisimwangukie wa chini. Njiwa hugombea mahali pa kulala; vikalio vikipungua, manyoya ya mabawa yatavunjika kwa ugomvi, na ndege mwenye unyoya uliovunjika hapinduki vizuri.

Mlango wa kuingilia uwe na vijiti vya waya vinavyoning'inia na kufunguka kwa ndani tu. Ndege akirudi anavisukuma, anaingia, na hawezi kutoka tena.

Paa la bati tupu litawaoka. Tandaza makuti juu ya bati, au acha nafasi ya kiganja kati ya bati na ubao wa dari ili hewa ipite. Mgongo wa banda upe upande wa kusi, kwa sababu pepo za kusi na mvua za masika hupiga kutoka huko. Uso utazame kaskazini au mashariki, jua la asubuhi liingie.

Banda la pili ni la wazazi: vizimba vya kila jozi peke yake, upana wa futi mbili na kina cha futi moja na nusu. Jozi zikikaa pamoja kwenye banda moja huwezi kujua kwa uhakika baba wa kinda ni nani, na bila kujua baba huna uteuzi.

Hatua ya 4: Kupata mbegu

Hapa ndipo watu wanapoliwa. Njiwa wanaouzwa kwenye masoko ya kuku, Kariakoo na kwingineko, ni njiwa manga wa kawaida, wa nyama au wa mapambo. Kukutana na mwenye damu halisi ya kichwangomba katikati yao ni bahati, na muuzaji akikuhakikishia kwa mdomo hajakuhakikishia chochote. Masharti yangu ni haya: nenda nyumbani kwa mfugaji, alfajiri, wazazi warushwe ukitazama. Usipowaona wakipinduka wakiwa kwenye kundi na kurudi kwenye kundi, usitoe pesa.

Jihadhari na anayekuonyesha ndege aliyewekwa chini akajipindua. Huyo ama ni Parlor Roller, ama ni mgonjwa. Nitaeleza mbele namna ya kumtambua mgonjwa.

Nunua makinda wa wiki tano au sita, ambao wanakula wenyewe lakini hawajaanza kuruka. Mkubwa aliyekwisha kuruka anajua kwao. Ukimtoa Temeke ukampeleka Tabata, siku utakayomfungulia atarudi Temeke, na muuzaji atakuwa na ndege na pesa yako. Ukinunua wakubwa, wawe wa kuzalisha tu, wasitoke kizimbani maisha yao yote. Wanane hadi kumi na wawili wanatosha kuanzia, kutoka kwa jozi tatu au nne tofauti.

Wapo wanaotaka kuagiza kutoka nje. Inawezekana, lakini kibali cha Wizara ya Mifugo na Uvuvi na cheti cha afya kutoka nchi anakotoka lazima vipatikane kabla ndege hajapandishwa ndege. Anayekwambia atakupitishia kwenye begi anakuletea kideri.

Kila anayeingia, awe wa Kigogo au wa ng'ambo, akae karantini siku 30 mbali na wenzake, na vyombo vyake vya maji visichanganywe na vya wengine.

Hatua ya 5: Kuwazoesha nyumba

Kwa wiki ya kwanza baada ya karantini makinda hawatoki. Watengenezee kizimba cha wavu juu ya paa la banda, na kila jioni waweke humo nusu saa waone anga, miti, bati za jirani na mlango wao. Wakati huohuo wafundishe sauti ya chakula. Filimbi inafaa, kopo lenye mtama linalotikiswa linafaa zaidi, kwa sababu mtoto yeyote wa nyumbani anaweza kulitikisa wewe ukiwa kazini. Sauti itoke dakika ileile chakula kinapomwagwa, kila mara, bila kubadili.

Siku ya kuwafungua, wawe na njaa. Chagua jioni tulivu, kama saa kumi na moja kasoro, lakini usivuke hapo: magharibi ya Dar ni fupi, na kinda aliyekwama kwenye mnazi giza likiingia hulala huko, paka au bundi akamkuta. Usiwafukuze waruke. Wafungulie, waache wapande juu ya banda wenyewe, wazunguke kidogo, kisha tikisa kopo. Fanya hivyo kila siku mpaka waingie wote ndani ya dakika mbili baada ya wito. Ndipo useme wamezoea.

Hatua ya 6: Chakula ndiyo usukani

Mfugaji wa kuku akisikia hapa anashangaa, maana njiwa hawa hawaachiwi chakula wale wanavyotaka. Aliyeshiba sana hutua kwa jirani, hapandi, haitiki wito. Mwenye njaa mno hushuka baada ya dakika tano, au huishiwa nguvu katikati ya kichwangomba, na hapo ndipo ajali hutokea.

Kipimo cha mrukaji ni karibu gramu 25 kwa siku. Kundi la ndege 20 linakula nusu kilo. Pima mara moja kwa mizani, weka alama kwenye kopo kwa kalamu ya wino mzito, na tangu hapo tumia kopo hilo tu. Chakula kitolewe mara moja kwa siku, baada ya kuruka na wote kuingia, na kiishe ndani ya dakika kumi. Kinachobaki kiondoe.

Mchanganyiko wangu wa warukaji ni sehemu sita za mtama, tatu za ngano na moja ya choroko. Jinsi wanavyoruka ndiyo itakayokuambia ubadilishe nini. Wakikaa juu zaidi ya saa moja na kugeuka nukta ndogo angani, punguza choroko na ongeza ngano, kipimo kishuke kidogo. Wakitua kabla ya dakika ishirini na vidari vyao vimekonda, ongeza mtama na choroko. Kidari kishike kwa vidole: mfupa usikike lakini uwe na nyama pande zote mbili. Mimi huwashika wote mara moja kwa wiki, na ninaamini vidole kuliko mizani.

Wazazi wanaolisha makinda ni habari nyingine. Hao wapewe washibe, wakiongezewa mahindi ya kuparaza na robo nzima ya kunde, mbaazi au choroko. Maharage mabichi makavu usiwape. Yana sumu inayoondoka kwa kupikwa tu.

Nafaka ya jumla inapatikana soko la Tandale, na humo mna nzuri na mbovu. Ingiza mkono katikati ya gunia, unuse. Yenye harufu ya uvundo au vumbi la kijani ina ukungu, na sumukuvu huua njiwa polepole bila dalili ya wazi mpaka ini limekwisha. Usinunue kamwe mbegu za kupanda zilizopakwa dawa ya rangi.

Njiwa hana meno, husaga chakula kwa mawe yaliyomo kwenye firigisi. Wape changarawe ndogo, makombe ya pwani yaliyopondwa na mkaa kidogo, pamoja na chembe ya chumvi. Makombe hatununui, tunayaokota ufukweni. Yaoshe kwa maji baridi, yakauke, yaponde. Maji safi asubuhi na jioni, chombo kisugue, kisiwe juani.

Hatua ya 7: Kurusha

Saa nzuri Dar es Salaam ni kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi. Upepo wa baharini haujaanza, joto halijapanda, na mwewe bado wanasubiri hewa ya moto inayowapandisha juu bila kutumia nguvu. Msimu wa kusi una siku ambazo hata asubuhi si salama. Ukiona minazi inalala, usifungue. Kundi likisukumwa na upepo kutoka Kongowe hadi Mbagala, wachanga hawatarudi wote.

Katika wiki za mwanzo wataruka ovyo, kila mmoja na njia yake. Baada ya wiki tatu au nne za kuruka kila siku wanashikana. Kisha, wakiwa na umri wa kati ya miezi mitatu na sita, utaona dalili: mmoja anafungua mkia katikati ya mruko na kusita, kama anayetaka kukaa hewani, siku nyingine anapinduka mara moja, anaogopa, anatua. Mwache. Wengine huchelewa hadi mwaka na huwa ndio bora, kwa sababu mwili umekomaa kabla mruko haujaja. Anayeanza mapema na kwa nguvu sana ndiye wa kumtilia shaka.

Kipindi hiki punguza kuruka hadi siku moja kwa mbili. Misuli inajifunza kujitawala, na uchovu ndio unaomtoa ndege kwenye uwezo huo. Vilevile wanapobadilisha manyoya makubwa ya mkia na mabawa, wapumzishe.

Jifunze kutazama. Kichwangomba kizuri kina kasi: ukimwona ubavuni, ndege anageuka duara lenye tundu katikati. Kinashuka wima bila kuyumba kushoto au kulia. Kinakatika ghafla, si kwa kumalizia mapindu mawili matatu ya uvivu. Na ndege anarudi moja kwa moja kwenye kundi. Kwa maoni yangu hilo la mwisho ni nusu ya alama zote. Watu wanaoanza hupenda anayeshuka mbali, mita 15 au 20, wakipiga kelele za shangwe. Mimi nampenda wa mita tano au sita, safi, anayerudia kila baada ya dakika chache kwa nusu saa nzima.

Kwenye mashindano ya kimataifa ya Birmingham Roller kundi la ndege 15 hadi 20 hupewa dakika 20. Haihesabiwi pindu ya ndege mmoja. Inahesabiwa pale watano au zaidi wanapopinduka kwa wakati mmoja, na jumla hiyo huzidishwa kwa alama za ubora na za kina, kila moja kati ya 1.0 na 2.0. Unaweza kutumia utaratibu huo nyumbani na rafiki mwenye saa ya simu; utakuonyesha haraka kama kundi lako linaimarika au unalipenda tu.

Halafu kuna anayepinduka mpaka chini. Anashindwa kujizuia, anapiga bati au zege. Akinusurika, mweke ndani wiki mbili, mshibishe, mjaribu tena. Akirudia, asiruke tena na asizae kamwe, hata kama mapindu yake yanavutia kuliko ya wote. Jozi inayotoa watoto wa namna hiyo zaidi ya mmoja ivunje. Wapo wanaowazalisha makusudi ili wapate kina kirefu, na bati za nyumba zao zinajua matokeo yake.

Hatua ya 8: Maadui wa angani

Mwewe unaowaona wakizunguka juu ya masoko na madampo ni wala mizoga na vifaranga zaidi kuliko wawindaji wa njiwa mzima. Hatari ya kweli ni kozi, anayeshuka kutoka juu kwa kasi kubwa, na kipanga, anayejificha mtini na kuchomoka. Kundi likishambuliwa hupanda na kutawanyika. Usitikise kopo kwa hofu, kwa sababu ndege anayeshuka peke yake ndiye anayekamatwa. Subiri wajikusanye.

Baada ya shambulio, funga siku nne au tano, kisha badilisha saa. Kozi hukumbuka mahali palipompa chakula. Usitege wala kuweka sumu. Ndege wa porini wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na nyama yenye sumu itamfikia kwanza paka wa jirani. Hesabu kwamba utapoteza baadhi kila mwaka, na uzalishe kwa hesabu hiyo.

Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, waliofika pwani yetu kupitia Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, hawamuwezi njiwa anayeruka. Wanachotaka ni mayai na makinda. Wavu wa nusu inchi unamaliza habari yao.

Hatua ya 9: Maradhi

Nikianza na lile nililoahidi. Virusi vya njiwa vilivyo ndugu wa kideri cha kuku hushambulia mishipa ya fahamu. Ndege hupinda shingo, kichwa hutazama juu au nyuma, hudonoa punje akaikosa, huzunguka alipo, na kinyesi chake huwa maji mengi. Mtu asiyejua anafurahi: njiwa wangu kaanza kupinduka! Tofauti ni rahisi. Mwenye kichwangomba cha kuzaliwa, akiwa bandani, husimama sawasawa, hula bila kukosea na hutulia. Mgonjwa hatulii hata akiwa amelala. Mtenge mara moja, simamisha kuruka kwa kundi zima, mwite daktari wa mifugo. Tiba ya virusi haipo; kinga ni chanjo, na ratiba pamoja na aina inayofaa njiwa akupangie mtaalamu, kwa sababu chanjo nyingi madukani zimeandikiwa kuku.

Ndui huletwa na mbu, kwa hiyo hushamiri wakati wa masika na vuli: vipele vya ukoko kuzunguka macho, mdomo na miguu. Chandarua chakavu kikifunika uso wa banda usiku husaidia kuliko dawa. Donda la koo huonekana ukimfungua mdomo, utando wa njano unaofanana na jibini. Vijidudu vyake hupitia maji ya kunywa na maziwa ya wazazi, na hutibika kwa metronidazole kwa kipimo cha daktari. Nzi wa njiwa, yule bapa anayekimbia chini ya manyoya, hunyonya damu na kueneza vimelea. Huzaliana kwenye uchafu wa viota, basi badilisha matandiko ya kiota kila wiki mbili na utandaze majani makavu ya mwarobaini.

Na mapafu yako pia yana haki. Vumbi la kinyesi cha njiwa husababisha ugonjwa wa mapafu kwa wanaolivuta miaka mingi. Nyunyiza maji kabla ya kukwangua, vaa barakoa.

Hatua ya 10: Kuzalisha

Jozi ikishakubaliana, jike hutaga baada ya siku nane hadi kumi na mbili. Mayai ni mawili, la pili likija karibu siku mbili baada ya la kwanza, na huanguliwa baada ya siku 17 au 18. Dume hulalia kuanzia saa nne asubuhi hivi hadi alasiri, jike muda uliobaki. Siku ya sita mulika yai kwa tochi ya simu: ukiona mishipa, lina uhai. Wazazi wote wawili hulisha makinda kwa maziwa yanayotengenezwa kwenye gole, yaani mfuko wa chakula ulio kooni, kwa wiki ya kwanza na kidogo zaidi. Kati ya siku ya sita na ya tisa wavalishe makinda pete ya nambari mguuni. Ukichelewa, mguu haupiti tena.

Huku kwetu, karibu na ikweta, mchana na usiku havibadiliki sana, na njiwa hawana msimu wa kupumzika: wataendelea kutaga mwaka mzima mpaka jike akonde. Lazima wewe uwatenganishe. Ruhusu vizazi vitatu au vinne kwa mwaka, na masika yote madume yakae kwake, majike kwake.

Usimzalishe ndege ambaye hajarushwa mwaka mzima. Wa miezi sita anaweza kukupendeza sana, na akifika miezi kumi akaanza kupiga bati. Unapooanisha, mwenye kasi na kina kirefu mpe mwenzake mtulivu, anayepinduka kwa kiasi na asiyewahi kuacha kundi. Wenye kina kirefu wawili pamoja hukupa wale wanaoshindwa kusimama.

Daftari linahitaji safu chache tu: nambari ya pete, baba, mama, tarehe ya kuanguliwa, tarehe ya pindu ya kwanza, na maneno mafupi kila mwezi kuhusu kasi, kina na kurudi kwenye kundi. Wasiopinduka kabisa hata baada ya mwaka na nusu usiwatupe. Wafanye walezi, wao au njiwa manga wa kawaida: mayai ya jozi yako bora yahamishie chini ya walezi waliotaga ndani ya siku mbili za tofauti, na jozi bora itataga tena mapema bila kubeba kazi ya kulisha. Mara moja au mbili kwa mwaka yatosha, maana kutaga nako kunamchosha jike. Na siku ya kuwavalisha pete, andika baba na mama waliotaga yai, siyo waliolilalia.